Chupa Niliyoitundika Mnazini

Bakari mwanangu,

Salamu hizi hazijatoka mbali. Zimetoka chumba cha pili, ambako naandika huku nikikusikia ukifunga na kufungua lile sanduku kama mtu aliyesahau roho yake ndani. Mimi mzima, mama yako mzima, na jogoo uliyetaka achinjwe kwa ajili ya safari yako naye mzima, maana amekimbia.

Kwanza nikwambie jambo ambalo hawakukufundisha shuleni huko Tanga. Duniani wako watu wachache sana waliozuia vita bila askari wala bunduki, na mmoja wao ni baba yako, mtu wa Moa, niliyeacha darasa la pili kwa kupenda mwenyewe. Nilizuia vita kwa chupa moja ya wino. Wakubwa wangelijua, wangekwisha kuniita huko Ulaya wanikalishe kiti cha katikati, Mmarekani kulia, Mrusi kushoto, na kahawa mbele yangu.

Haya, uongo. Najua umeshacheka kwa ule upande mmoja wa mdomo. Vita sikuvizuia, nilivianzisha. Aliyevizuia ni mama yako, tena akiwa amekaa chini na ungo wa kunde mapajani. Na darasa la pili sikuliacha kwa kupenda.

Nakuandikia kwa sababu mimi na wewe tukikaa uso kwa uso tunataniana mpaka neno lenyewe linapotea, kisha kila mtu anakwenda zake akidhani mwenziwe amelisema. Karatasi haijui kutania. Tena toka alasiri nimeshindwa kukaa. Nimeinuka, nimekaa, nimekagua makuti ya paa, nimetoka uani nikasahau nilichofuata. Mama yako ameniuliza kama nina chawa.

Chawa wangu ni huyu: kesho lori la Mombasa linapita, na huko Mombasa meli ya Adeni inakungoja, na wewe mpaka saa hii hujapata maji ya mjomba wako. Mtoto wa kwetu havuki bahari kabla mjomba wake hajapiga funda la maji na kumtemea kifuani, akamwambia nenda urudi. Baba anazaa tu. Anayemwachilia mtoto aende ni mjomba. Mimi nitakuombea dua mpaka sauti inikauke, lakini dua ya baba peke yake ni kama kanzu bila kofia. Na mjomba wako Mwinjuma si kwamba amekufa wala yuko mbali. Namsikia akikohoa hapo ng'ambo ya minazi. Wewe huwezi kwenda, yeye hawezi kuja, na sababu ni mimi.

Mambo ya kufua shuka, na kutokopesha watu usiowajua, na kuswali kwa wakati, mama yako amekwisha kukwambia, na atakwambia tena alfajiri ukiwa na mguu mmoja garini. Mimi nitasema hili moja.

Juzi tulipokaa barazani ulinieleza kwamba kazi yako Adeni ni kuhesabu mapipa ya mafuta katika ghala la jeshi la Mwingereza. Nikakuuliza, "Mwingereza si amefukuzwa juzijuzi kule mferejini Misri?"

Ukasema, "Ndiyo maana, baba. Alichokuwa nacho kule anakipeleka Adeni."

"Basi akifukuzwa Adeni atahamia Moa, na mimi sina chumba cha kumpa."

"Baba, hakutakuwa na vita."

"Nani kasema?"

"Kila mkubwa analo bomu. Mmarekani analo, Mrusi analo, na Mwingereza naye amekwisha kulipata. Moja tu linaifuta Tanga yote, na Pangani juu yake. Sasa nani atathubutu kuanza? Kila mmoja anamwogopa mwenziwe. Amani yenyewe ndiyo hiyo."

Mimi nikakuuliza kama bomu hilo linajua kumtofautisha Mdigo na Mbondei, tukacheka, ikaisha. Lakini toka siku hiyo sijatulia. Si kwa sababu ulikosea. Nimesikia redio pale kwenye mkahawa wa Nguvumali, Tanga, na wenye akili kunishinda wanasema vivyo hivyo ulivyosema. Sijatulia kwa sababu maneno hayo nimewahi kuyasema mimi, karibu neno kwa neno, nikiwa nimesimama chini ya mnazi na chupa mkononi.

Wewe ulikuwa hujang'oka meno ya utoto. Mpaka wa shamba letu na la mjomba wako ni ule mstari wa minazi, na katikati ya minazi inapita njia ya kisimani, njia ya wazee. Nazi zangu zikawa zinapungua. Siku moja nikaona makumbi upande wake, mabichi bado. Mtu mwenye akili angevuka, akapiga hodi, akasema, "Shemeji, hamjambo, haya makumbi ni ya nazi gani?" Mimi nikaona kumwuliza kaka wa mke wangu habari ya nazi ni aibu kubwa. Ndivyo tulivyo sisi wa pwani hii, Bakari: kumwuliza mtu ni kumtukana, lakini kumtegea uganga ni kujilinda tu, wala hakuna anayekulaumu.

Nikaamua kulikaga shamba, kulitegea uganga wa kulilinda. Kumwita mganga ni gharama, na wewe unanijua. Nikachukua chupa yako ya wino uliyopewa chuoni, ndiyo ile uliyoililia siku mbili, nikatia maji, manjano, unyoya wa kuku na jiwe dogo ili ilie ikitikiswa. Nikaifunga kitambaa chekundu, nikaitundika kwenye mnazi wa katikati. Hilo ndilo kago langu. Uganga wake wote ni huo niliokutajia.

Asubuhi mjomba wako akasimama ng'ambo, mikono nyuma.

"Shemeji! Umetundika nini hapo, titi la popo?"

"Kago. Nimetegewa na mganga wa Pongwe."

"La nini?"

"La wezi. Wewe si mwizi, linakuhusu nini?"

"Halinihusu hata kidogo. Nauliza kwa uzuri wake."

"Basi usiusogelee uzuri wake, tumbo lisije likakuvimba kama la msimamizi wa mkonge."

Akacheka, nami nikacheka. Kisha akaenda Pemba. Akarudi na mganga wa kweli, mzee wa jicho moja ambaye sikuona hata siku moja akicheka. Wakachinja mbuzi mweusi, wakachimba njiani, wakafukia kitu, wakasawazisha mchanga usijue palipochimbwa. Langu lilining'inia, kila mtu analiona. Lake lilizikwa, hakuna ajuaye liko hatua ya ngapi. Nikaona amenizidi. Nikaongeza fuvu la kenge. Yeye akaongeza pembe la nyati. Nikaongeza kitambaa cha pili, naye akaongeza cheusi. Njia ya wazee ikapambwa kama nyumba ya arusi, na hakuna mwalikwa aliyethubutu kuingia.

Hapo ndipo nilipokuwa nikisimama chini ya mnazi nikiwaambia wapita njia: "Sasa hapa ni amani. Yeye ananiogopa, mimi namwogopa, nani ataanza?"

Na nisikufiche, nazi haikuibwa tena hata moja. Bwana wako huko Adeni akikwambia hofu inalinda, usimbishie, inalinda kweli. Lakini mwulize na haya mengine. Nazi zilizoanguka katikati hakuna aliyeziokota, si mimi si yeye, maana hatukujua kago la nani linaishia wapi. Zikaota hapo hapo, pakawa kichaka. Nguruwe mwitu wakahamia, wakala wakanenepa, na sikuona hata mmoja aliyevimba tumbo isipokuwa kwa mimba. Mama yako akawa anazunguka kwa pwani na mtungi kichwani, kwenda kuchota maji ya kisima alichochimba baba yake mzazi. Ungemwona mama yako siku hizo ungedhani ni bubu.

Tena hofu haikai bure, inataka kulishwa. Kila Ijumaa ilinibidi niende nikaitikise ile chupa, ninong'one maneno, nijifanye nimeshtuka, ili majirani waone kwamba bado ina makali. Nikaogopa wasije wakaizoea. Nilifanya hivyo muda mrefu hata nikaanza kuiogopa mwenyewe. Usicheke! Siku moja panga langu liliponyoka likaanguka chini ya mnazi ule. Chupa niliitengeneza kwa mikono yangu, manjano ni ya jikoni kwa mama yako, najua kila kilichomo. Nikanyoosha mkono, mkono haukwenda. Nikaliacha panga pale likashika kutu. Nikamwambia mama yako limeibwa.

"Limeibwa, na kago lipo?" akaniuliza.

Nikatoka kwenda kuazima jingine kwa jirani.

Halafu ikaja siku ya beberu. Nadhani unakumbuka makelele, lakini maneno hukuyasikia, tulikufungia ndani. Beberu wa mjomba wako alikutwa amelala ubavu, povu mdomoni, tumbo limevimba kama ngoma. Tumbo limevimba! Na mimi ndiye niliyetangaza mji mzima kwamba kago langu linavimbisha tumbo. Mwinjuma akaja mpakani na panga. Nami nikatoka na jingine, la kuazima.

"Umelifyatua, shemeji!"

"Sikulifyatua!"

"Beberu yuko vile! Kesho nani, mimi? Watoto wangu?"

"Nasema sikulifyatua!"

"Basi nami nitalifyatua langu, tuone nani atabaki kuhesabu nazi!"

Sasa nisikilize hapa, Bakari, maana hapa ndipo barua yote ilipo. Neno moja tu lingemaliza ugomvi ule. Ningesema, "Shemeji, ile ni chupa ya wino ya mwanangu, ina manjano na unyoya, haina kitu." Nililijua neno hilo, lilikuwa limefika kwenye ulimi. Sikulisema. Niliona heri nikatwe panga mbele ya watoto wangu kuliko Mwinjuma ajue kwamba chupa yangu ni tupu. Nimewahi kufanya ujinga mwingi, mwingine unaujua na mwingine Mungu amenisitiri, lakini sina ujinga mwingine ninaokumbuka mpaka jasho linanitoka.

Mama yako alikuwa uani anapepeta kunde. Akatoka na ungo wake, akaja akakaa chini ukingoni mwa kichaka, baina yetu, akaendelea kuchagua mawe. Hakupiga kelele. Akasema, "Haya, kataneni. Mniambie tu mapema. Atakayekufa upande huu ni mume wangu, na wa upande ule ni kaka yangu. Kaniki ya matanga niivae nikiwa nyumba gani?"

Mwinjuma akamtazama. Mimi nikatazama kunde. Panga la kuazima likawa zito ghafla. Kila mtu akarudi kwake akijifanya amesahau kitu nyumbani. Baadaye wakakuta majani ya muhogo mchungu yamejaa mdomoni mwa beberu. Mlafi alikwenda kula shamba la watu.

Ndiyo maana ulipotaja mabomu nilikutania halafu sikutulia tena. Hao wakubwa nao wana mabeberu wao. Siku moja kitu kitakufa kwa majani ya muhogo, na mmoja atadhani amefyatuliwa. Sisi tulikuwa na mtu mwenye mume huku na kaka kule. Wao nimewafikiria sana, Mmarekani na Mrusi, na sijaona ni nani kati yao aliyeolewa pande zote mbili, awezaye kuja na ungo akakaa katikati. Pengine yupo, na redio haimtaji. Na usidhani ni mambo ya mbali. Redio iliposema majivu ya bomu yamewaangukia wavuvi wa Kijapani yakawaunguza, bibi mmoja wa Mabawa, huko Tanga nilikokwenda kuuza samaki, alikataa kununua nguru wangu. Nikamwambia, "Bibi, Japani ni mbali." Akanijibu, "Bahari ni ngapi, mzee?" Nilirudi Moa na nguru wangu nikimtukana moyoni, lakini swali lake sijalijibu mpaka leo.

Sasa turudi kwa mjomba wako. Mganga wa Pemba amekufa, mwaka huu huu. Na unajua kanuni ya kago: aliyetega ndiye ateguaye. Alikwenda na siri yake kaburini. Tangu hapo Mwinjuma mwenyewe hathubutu kukanyaga njia ya wazee. Mama yako ndiye aliyeniambia, naye aliambiwa na kaka yake akiwa karibu kulia: "Dada, nimejifungia nyumbani kwangu mwenyewe." Mwenye silaha ananiogopesha kidogo, mwanangu. Anayeniogopesha sana ni huyu aliye na silaha ambayo hata yeye hajui tena kuizima.

Juzi akakuletea ujumbe, tena mbele yangu: "Mwambieni mwanangu aje nimtemee maji. Lakini aje kwa njia ya wazee. Kwa pwani wanakuja wauza dagaa. Mtoto wa dada yangu hatoki kwangu kwenda ng'ambo kwa mlango wa uani." Mimi, kwa kichwa kigumu nilichorithi, nikajibu kwamba hapiti mtoto wangu juu ya uganga wa Kipemba. Na wewe msomi, wewe wa mabomu na amani, ukasema, "Baba, mimi siamini mambo hayo. Lakini pale sipiti." Niliingia ndani nikacheka mpaka mama yako akaja kunitazama. Kisha kicheko kikakatika. Niliona miguu yako pale mlangoni, mikubwa kama yangu, na imesimama pale pale iliposimama yangu.

Kwa hiyo nimekata shauri, na shauri lenyewe linanikosesha raha. Kesho, jua likichomoza, kabla ya lori, nitakwenda mpakani. Nitamwita Mwinjuma atoke aone. Nitaitungua chupa yangu, niifungue mbele yake, nimimine, nimwambie ni nini. Atanicheka. Atanicheka mpaka siku ya kufa kwangu, na mazishini atawasimulia waliokuja. Mwezi ujao wezi watakuwa wanapanda minazi yangu kwa zamu. Na iweje. Kisha nitapita njia ya wazee, mimi mbele na wewe nyuma yangu, mpaka mlangoni kwake.

Utaniuliza: baba, na lake je? La mbuzi mweusi? Mwanangu, langu najua ni tupu kwa sababu nililijaza mwenyewe. Lake sijui. Mchana nikiwa na watu nasema ni upuuzi mtupu. Saa hii, na wino unakaribia kuisha, nalipapasa tumbo langu nione kama limeshaanza kuvimba. Ningependa niagane nawe kama baba asiyeogopa kitu, lakini huyo baba hayumo nyumba hii. Aliyepo anaogopa, na anakwenda, kwa sababu mtu mmoja lazima aanze kuweka chini, na nimengoja Mwinjuma aanze mpaka ndevu zimekuwa nyeupe.

Huko Adeni hesabu mapipa yako vizuri, kula mshahara wako kwa halali. Sikwambii umkatae Mwingereza. Kazi ni kazi. Ila ukimsikia mtu amesimama karibu na mapipa akisema "sasa ni amani, nani ataanza," mtazame mikono. Ukiona inatetemeka, mpe kiti, mpe kahawa, mwulize habari ya makumbi. Pengine hajawahi kuulizwa.

Barua hii nampa mama yako akupe baada ya Isha, uisome ulale nayo. Na nina ombi dogo, tena si zawadi, ni haki yangu kwako. Ulipotoka jandoni, kungwi wako alinivuta pembeni akaniambia ulivyolia, na ulivyomng'ata mkono. Mimi nikatoka nikautangazia mji wa Moa kwamba Bakari hakupepesa hata ukope, na mpaka leo wanawake wanakuimba kwa uongo wangu. Basi kesho, tukiwa katikati ya njia ile, ukiona magoti yangu yanagongana, shika kanzu yangu kwa nyuma, ukaze, watu wadhani mwana ndiye anayeogopa.

Ni mimi baba yako.